Mukono wetu si wa kuuzisha

Wandugu vijana wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru,

Tunaandika leo juu maneno fulani imeanza kurudi. Tunaisikia pa vituo vya moto-taksi, tunaisoma mu makundi ya WhatsApp: "Bale batu barudie kwabo." Anayeisema anacheka. Lakini mu muji huu ile maneno ilisha kuua watu, na sisi tuliozaliwa kisha hatukuifundishwa ku masomo.

Tuanze na gare. Kila mutu wa Likasi anaijua. Wachache wanajua nini ilipita pale. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 1992, wakati jimbo letu lilikuwa bado linaitwa Shaba, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa mu nyumba zao. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika mu gare na kando yake, na vyombo vyao na watoto wao, wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai. Wengi wao walizaliwa hapa. Wazazi na bankambo wao waliletwa kufanya kazi ya shaba tangu wakati wa Union Minière. Kasai yenyewe hawakuijua. Watoto na wazee walikufa pale kwa magonjwa, wengine walikufa mu njia.

Nani aliwafukuza? Hapa tunapashwa kusema kweli, hata kama inauma. Gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Wakasai waliitwa "bilulu", ni kusema wadudu. Lakini wakubwa hawakubeba fimbo. Waliobeba ni vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI cha Nguza Karl-i-Bond. Vijana wa miaka yetu, wengi bila kazi, wa kartie zetu hizi hizi.

Juu ya nini wakati ule? Angalieni mambo mawili. Ya kwanza: Agosti 1992, mu Kinshasa, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza mahali pa Nguza, mwana wa Katanga. Mobutu alipata faida kuona wapinzani wake wanakulana wao kwa wao. Ya pili: Gécamines ilikuwa inaanguka. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Mwaka 1993 haikufikia hata tani 50,000. Baba wa Katanga aliyeuliza "Juu ya nini mwana wangu hana kazi?" alikuwa na haki ya kuuliza. Walimpa jibu la uongo: ni jirani yako. Jirani akafukuzwa. Gécamines haikuinuka.

Sasa sikieni vizuri: sheria ilikuwepo. Ordonansi-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Mu 1992 ilikuwa imefikisha miaka 26. Kuua, kunyang'anya, kuchoma nyumba, yote yalikuwa makosa mu kitabu cha adhabu. Hakuna aliyehitaji kutunga sheria mpya. Ilihitajika mutu moja wa kuifungua, na wenye mamlaka ya kuifungua ndio waliokuwa wanashika mikro.

Kisha ikawa nini? Kyungu alisimamishwa mu 1995. Mu 2007 akawa mukubwa wa bunge la jimbo la Katanga. Alifariki mu 2021. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka mu 2010, inaandika mateso ya Wakasai wa Shaba. Ni vizuri, lakini ripoti si hukumu. Na mujue hii pia: Kyungu na Tshisekedi walikuwa pamoja kati ya wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua mu 1980. Mu 2016, chama chake UNAFEC na UDPS ya Tshisekedi vilikaa tena upande moja mu Rassemblement. Wakubwa waligombana, wakapatana. Waliokufa ku gare hawakuulizwa kama wanapatana na nani.

Mimi ninayeandika nina miaka 25, diplomi ya lisansi, na kazi sina. Mu kampeni ya 2023, yaya moja wa kartie alikuja kunitafuta ku nyumba. T-shirt moja na franga 10,000, "ya transpo". Nilipokea. Mama hakukuwa ametia chungu pa moto tangu jana yake. Tulipofika, kabla mukutano kuanza, walitugawia fimbo: "Ni ya kulinda." Nikamuuliza: "Yaya, kulinda juu ya nani?" Akajibu: "Utawajua kwa majina yao." Niliacha fimbo pale, nikarudi kwa miguu. Franga sikurudisha. Naisema juu mujue hatuwahubirie toka juu ya mti. Ile njaa tunaijua.

Hivi ndivyo inatembea. Mukubwa akitaka nguvu ambayo haitabeba sinyatire yake, anatafuta kijana mwenye njaa. Kesi ikifika ku parke, jina la kijana ndilo liko mu dosie. Jina la mukubwa liko pa afishi.

Wengine watasema: "Sheria haisaidie maskini." Tunawasikia. Kuna siku tulipeleka barua mu ofisi moja ya Leta kujulisha maandamano ya amani. Walikataa kuipokea. Tulirudi mara ya pili, mara ya tatu, wakapiga muhuri. Siku yenyewe, afisa alituomba ruhusa. Tulimuonyesha nakala na kifungu cha 26 cha Katiba ya 2006: maandamano yanajulishwa kwa maandishi, Katiba haisemi tuombe ruhusa. Tuliandamana, hakuna aliyepigwa. Siku ingine tulikuwa na karatasi ile ile, na tulipigwa. Tunawaambia yote mawili. Sheria haisimame yenyewe. Inasimama kama kuna watu wa kuishika, na kuishika tena kesho yake.

Kwa hiyo tunaomba kila kijana anayesoma hii ajue vifungu vitatu kwa kichwa. Kifungu cha 18: polisi haiwezi kukuweka mu kasho kupita saa 48 bila kukuachilia ao kukupeleka mbele ya sheria, na inapashwa kukuambia mara moja sababu, mu luga unayoisikia. Kifungu cha 26, tumekisema. Na kifungu cha 28: hakuna mutu anayelazimishwa kutimiza amri inayovunja sheria waziwazi. Kile kinamuhusu polisi mwenye bunduki, na kinakuhusu wewe mwenye t-shirt ya chama.

Kwa wakubwa wa vyama vyote, wa upande wa serikali na wa upinzani, tunasema: mukitaka vijana, leteni programu ya kazi. Mukileta fimbo, tutaandika siku, fasi na jina la aliyeileta, na tutapeleka ku parke.

Kwa wazazi walioona 1992 na 1993, wa Katanga na wa Kasai, tunaomba: tuelezeni. Hatutafute kisasi. Tunatafuta kujua maneno ilianza namna gani, ili tuisimamishe ingali mudomoni, mbele ishuke mu mikono.

Na kwako, ndugu uliye na njaa kama mimi: mutu akikuletea fimbo, muulize mwana wake yuko wapi. Kama yuko mu safu pamoja nawe, na yeye ana fimbo, mufikiri pamoja. Kama yuko ku masomo Ulaya, ujue ni kazi ya nani umeitiwa, na ni nani atakayebaki Likasi kuilipa.

Kesho ukisikia "bale batu barudie kwabo", usicheke. Jibu: "Kwabo ni hapa." Kisha tuendelee kudai kazi, pamoja nao.

Likasi ni yetu sote. Mukono wetu si wa kuuzisha.