Ukomo Uwe wa Boti, Si wa Mfuko

Siku hizi mtu akitaka kisiwa cha kupumzikia, chenye ufukwe, mbizi na usingizi usiokatizwa na spika za baa, hatumwelekezi tena Nungwi, Unguja. Tunamwambia aende Mafia. Nami nimewaambia wengi, na kila ninapomwambia mmoja najua nakimega kidogo kile kile ninachokisifia.

Wageni wanakuja, hilo halina mjadala. Kilichobaki ni utulivu huo ulindwe kwa njia gani, na gharama yake aibebe nani.

Kwa miaka mingi ulioulinda ni usumbufu wa safari. Kwenda Mafia upande ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, au upande basi hadi Nyamisati, kisha uvuke kwenda Kilindoni. Hali ya hewa nayo huchuja watu. Masika ikifika wenye hoteli wengi hufunga, na kusi ikivuma wapiga mbizi hujibanza ndani ya Ghuba ya Chole, kwa kuwa nje kumechafuka. Watu hujaa kati ya Oktoba na Machi, papa potwe wanaposogea karibu na Kilindoni kula uduvi.

Huyu potwe ndiye kiini cha hoja yangu. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpole, na yuko katika hatari ya kutoweka. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha huenda zake mbali. Watafiti waliowafunga vifaa vya kufuatilia mienendo yao wakakuta wengi hawaondoki: husogea tu mbali kidogo na ufukwe, wapo mwaka mzima. Basi boti zinapomfukuza potwe leo, huenda ni yule yule aliyefukuzwa mwaka jana na atakayefukuzwa mwakani. Hana mtaa mwingine wa kuhamia.

Tunayafahamu matokeo, maana Kizimkazi, huko Unguja, haiko mbali. Pale pomboo hukimbizwa na boti nyingi kwa pamoja, mgeni akiruka majini kila wanapoibuka. Hakuna nahodha mmoja wa kulaumiwa. Kila mmoja anajua kwamba asipokimbiza yeye, atakimbiza jirani yake, na abiria wake watanung'unika.

Dawa inayopendekezwa haraka ni bei: wageni wachache, walipe sana. Mfano wake hutolewa Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1994. Kina nyumba saba tu za wageni, maji yake ni ya mvua, na fedha za watalii hupeleka wanafunzi kuona matumbawe. Naiheshimu Chumbe. Lakini Chumbe haina kijiji. Wilaya ya Mafia ina watu zaidi ya 60,000, na Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, yenye kilomita za mraba 822, imezungushiwa mpaka wake vijiji vikiwa ndani. Wavuvi wa kisiwa cha Jibondo waliipinga kwa nguvu walipokatazwa nyavu na maeneo waliyorithi. Ukisema sasa kisiwa kiwe cha matajiri pekee, unawaambia wale wale walioachishwa mwamba kwamba hata chumba cha kupangisha hawana haki nacho. Na Mtanzania anayejibana mwaka mzima ili awaone popo wa Chole na magofu ya Kua, naye abaki nje?

Mimi ningeweka ukomo kwenye boti. Idadi maalumu kwa potwe mmoja kwa wakati mmoja, nyingine zisubiri kwa zamu, na anayevunja zamu anyimwe leseni. Nyumba za kulala za bei nafuu Kilindoni ziachwe ziongezeke. Vijana wa boti watasema zamu inawapunguzia safari, na wana hoja. Kwa hiyo zamu ipangwe nao, isishushwe kutoka ofisini kama zilivyoshushwa amri za nyavu. Wavuvi wa dagaa nao wawepo kikaoni, kwa sababu potwe huingia kwenye nyavu zao za kuzingira, na ni mikono yao inayomfungulia.

Sheria hiyo isingoje msafiri aifikirie mwenyewe, ila anayepanga likizo sasa hivi anaweza kuanza. Jipe siku nne au tano, usiende kwa siku moja ya kukimbizana. Asubuhi moja iwe ya potwe, zilizobaki uzigawe kati ya mbizi za ghubani na visiwa vya Juani na Chole. Ada ya hifadhi ilipe, na uulize vijiji vinapata nini katika hiyo. Kisha kabla ya kumlipa nahodha, mwulize akikuta boti tano zimemzingira potwe atafanyaje. Akisema atazima mashine na kungoja, panda. Kuna siku mtangoja hadi jua liwe kali mrudi Kilindoni hamjamwona, na nauli hairudishwi.