Jina Lake Halikufahamika Mara Moja

Wadau, leo nina hasira, na aliyenikasirisha ni mimi mwenyewe.

Kuna sentensi moja tunayoipenda sana sisi waandishi wa magazeti. Mnaijua: "Pichani ni mkazi wa Dar es Salaam ambaye jina lake halikufahamika mara moja." Hebu niambieni, mara ya pili lilifahamika? Nina miaka mitatu kwenye chumba cha habari na sijamwona mtu akirudi kesho yake kulitafuta. Waziri akikata utepe tunaandika jina, cheo, nani wa pili kushoto na nani wa tatu kulia. Muuza karanga hapati hata herufi moja.

Mwaka jana nilitumwa Feri, habari ya bei ya samaki. Pale kwa wakaangaji nikamwona mama mmoja mbele ya karai kubwa, moshi wa kuni umemfunika nusu ya uso, jicho moja kalifumba. Nikapiga picha 31. Nimezihesabu. Salamu sikutoa! Ofisini nikachagua moja, nikaikata pembeni, nikaigeuza nyeusi na nyeupe kwa sababu eti ndiyo yenye uzito. Gazeti likaitoa: mama akihangaika kutafuta riziki, jina halikufahamika mara moja. Na hapa nikaiweka nikaiita "Moshi wa Umaskini". Mkanimwagia sifa, mmoja wenu akasema nina jicho la tatu. Nikavimba kichwa.

Miezi miwili baadaye nikapita tena pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si ndiye wewe uliyenitoa gazetini?"

Nikatabasamu, nikidhani nashukuriwa.

"Nani kakwambia mimi nahangaika?"

Alinieleza bila kupandisha sauti, huku anageuza vibua. Yuko pale miaka 16. Anawakopesha samaki mama ntilie wa mjini na jioni wanamlipa. Ana vijana wawili anaowalipa kila siku. Baada ya gazeti lile, mdogo wake alimpigia simu kutoka kijijini analia, dada unaficha shida zako. Hilo akalimaliza. Lililomuuma ni wenzake wa vikoba, ambao walianza kunong'onezana kama ataweza kurejesha mkopo aliouomba. "Mwanangu," akasema, "ungeniuliza tu."

Usiku ule nikazifungua zote 31, zile za rangi. Kwenye kilemba chake imechomekwa kalamu ya bluu. Iko karibu katika kila picha. Pembeni, juu ya kreti, kuna kauntabuku iliyofunguliwa, ndiyo hesabu ya wadeni wake. Kauntabuku niliikata mimi. Kalamu ilimezwa na ule weusi nilioupenda. Katika jina lile nililoipa picha, neno la kweli lilikuwa moshi tu.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia wapiga picha wenzangu wanajadili "maana ya kina" kwenye kazi zao, mara mwanga, mara kivuli, mara ukimya wa fremu, natamani kuwauliza swali moja: huyo mtu anaitwa nani? Picha husema maneno elfu, tunaambiwa. Jamani, maneno hayo mengi tunayasema sisi, halafu tunamsingizia aliyepigwa!

Na si ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1936 huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na wanawe katika kambi ya wavuna njegere. Ikawa moja ya picha maarufu kuliko zote za Marekani. Jina la mama hakuliandika. Aliandika kwamba familia ile ilikuwa imeuza matairi ya gari ili wale, jambo ambalo familia ilikuja kulikana. Dunia ilimjua Florence Owens Thompson kwa jina mwaka 1978, miaka 42 baadaye. Alikuwa Mcherokee kwa asili, na watu waliichambua sura yake miaka yote hiyo bila kulijua hilo. Lange namheshimu, alikuwa bingwa, na kazi yake iliwaamsha watu. Lakini kama bingwa aliteleza hivyo, mimi wa Feri ni nani?

Najua mtaniambia kuna moto, kuna ajali, kuna mabomu ya machozi, nani ana muda wa kuuliza majina. Sawa, huko nakubali. Ila karai la samaki halikimbii. Nilisimama pale zaidi ya dakika 20.

Nilimwomba mhariri tusahihishe. Akanijibu kwamba hakuna kosa, maana hatukuandika jina la mtu. Nikabaki mdomo wazi.

Wiki iliyopita nilirudi Feri na picha ya rangi niliyoisafisha studio, kalamu inaonekana, kauntabuku inaonekana. Akaitazama sana. Akacheka kuona karai lake la zamani, sasa ana jipya. Jina lake ninalo, kanitajia na la baba yake. Nikamwomba ruhusa niiweke hapa pamoja na jina hilo. Akafuta mikono kwenye khanga, akasema atafikiria.

Kwa hiyo leo hamna picha. Ile ya moshi nimeshaiondoa.