Ini Halipimwi kwa Programu ya Simu

Leo nina neno na mafundi wenzangu wa programu. Ukitajwa ugonjwa wowote, sisi tunakimbilia kibodi: tutengeneze programu ya simu! Kwa maradhi ya ini, mimi nasema hapana. Sikilizeni kwanza.

Chukulia kijana wa Bondeni anapimwa homa ya ini aina ya B. Anadungwa kidole, tone la damu linatiwa kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika 20 hivi inatokea mistari miwili: virusi anavyo. Vizuri. Lakini mistari hiyo haisemi ini limeharibika kiasi gani, na daktari anataka kulijua hilo anapoamua kuhusu dawa.

Ipo hesabu ya kumsaidia, inaitwa APRI:

APRI = (AST ÷ kiwango cha juu cha kawaida) × 100 ÷ chembe sahani

AST ni kimeng'enya kinachovujia kwenye damu ini likiumia. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu, huhesabiwa kwa bilioni katika lita. Mfano: AST 60, kiwango cha juu 40, chembe sahani 150. Jibu ni 1. Kwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2024, mtu mzima mwenye homa ya ini B sugu akizidi 0.5 anastahili dawa.

Mmeona? Mstari mmoja tu! Kikokotoo cha duka la rejareja kinaweza. Sasa programu yako ni ya nini? Mkono mtupu haulambwi. Namba mbili zile zinataka damu ya mshipa, mashine, vitendanishi, umeme na mtaalamu wa maabara. Kibarua anaambiwa arudi kesho kuchukua majibu. Kesho ana kazi, harudi. Na ini halina kelele mapema. Siku atakayorudi huenda tumbo limeshajaa maji.

Kuna atakayesema programu itamkumbusha. Kumbusho halilipi kibarua cha siku.

Kinachoudhi ni kwamba ncha zote mbili tunazo. Kipimo cha virusi kipo. Dawa ipo: tenofovir, ile ile iliyomo kwenye vidonge vya ARV. Kamba imekatika katikati. Na msiniambie haiwezekani. Burnet Institute ya Melbourne imetengeneza kipimo cha ALT, kimeng'enya kingine cha ini, kwa damu ya kidole. Mashine za GeneXpert, zinazopima kifua kikuu hapa Kenya, zina katriji ya kupimia wingi wa virusi vya homa ya ini B.

Basi pesa za kaunti na za wafadhili ziende huko: kipimo kikae zahanati ya mtaa, mgonjwa asitoke bila jibu. Nasi tuandike programu ya kutoa namba kwenye mashine na kuzitia kwenye faili lake, hata mtandao ukikatika. Kazi hiyo haina tuzo, lakini ndiyo inayotakiwa.

Mwenye kunipinga na aje. Ila alete namba, asilete picha za skrini.