MALI BILA DAFTARI



Hapa Mlowo hatuna mchezo na mizani. Mkulima akileta mahindi yake kutoka Kamsamba au Iyula, hupima, mnunuzi naye hupima, na kama kilo mbili zimepungua, kelele yake husikika mpaka stesheni ya TAZARA. Kahawa ya Mbozi nayo haiingii ghalani mpaka imepimwa na kuandikwa jina la mwenyewe. Hilo ni jambo jema. Mtu anayejua hesabu ya mali yake si rahisi kumdhulumu.

Lakini ipo mali moja ambayo hatuipimi kabisa, nayo ni misitu. Magunia ya mkaa yapita barabarani kila asubuhi, nguzo na mbao zapita usiku, na hakuna kijana wala mzee awezaye kusema zimetoka katika akiba kiasi gani, wala imebaki kiasi gani.

Siku moja nilikuwa katika mkutano wa kijiji kimoja cha wilaya yetu. Wananchi walilalamika kwamba msitu wao unakwisha. Nikawauliza, “Ulikuwa na ekari ngapi, na sasa una ngapi?” Mzee mmoja akanyosha bakora yake. “Zamani ulianzia pale kwenye mwembe, mwanangu. Sasa waanzia ng’ambo ya korongo.” Mama mmoja akasema zamani akienda kuni alirudi kabla jua halijawa kali, sasa arudi mchana. Maneno yao yalikuwa ya kweli tupu. Hata hivyo, walipoyapeleka katika ofisi moja, waliambiwa walete ushahidi. Hawakuwa nao. Walirudi nyumbani na ukweli wao mikononi, kama mtu aliyedai deni lisiloandikwa.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo misitu yetu inavyopotea.

Najua kwa nini watu wengine huiogopa kamba ya kupimia. Mdachi alitunga amri yake ya hifadhi za misitu mwaka 1904, na Mwingereza akaja na sheria yake mwaka 1921. Kamba ikipita, ardhi huenda. Asubuhi mtu aliamka akaambiwa mahali alipochimba dawa na kutundika mizinga pamekuwa pa serikali, na akikutwa humo ni mwivi. Wao walipima ili wajue mbao zao. Sisi tukabaki na chuki ya kamba. Chuki hiyo ina asili yake, lakini sasa yatudhuru wenyewe, kwa maana ardhi ni yetu na kamba yafaa iwe mikononi mwetu.

Taifa letu limekwisha onyesha njia. Kati ya mwaka 2009 na 2014 serikali, ikisaidiwa na Finland na shirika la FAO, ilipima misitu ya Tanzania Bara nzima kwa kazi iliyoitwa NAFORMA. Wapimaji waliingia porini kwa miguu, wakapima miti katika viwanja zaidi ya 30,000. Ripoti ilitoka mwaka 2015. Ilionyesha tuna misitu na mapori ya miti hekta milioni 48.1, yaani kadiri ya asilimia 55 ya nchi kavu. Basi mtu mvivu husema, “Mbona ni mingi!” Na asome ukurasa unaofuata. Tulikuwa tukipoteza yapata hekta 372,000 kila mwaka. Miti tuliyoweza kukata bila kula mtaji ilikuwa mita za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka, nasi tulikuwa tukitumia milioni 62.3. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aiweza: upungufu ni milioni 19.5. Ni kama mtu mwenye mshahara wa shilingi 43 anayekula shilingi 62.

Kazi ile ilikuwa kubwa na ya kusifiwa. Lakini ukiifungua ripoti ile kutafuta jina la Songwe hutalikuta, kwa kuwa mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya ripoti kutoka. Na hata lingekuwamo, hesabu ya taifa haiwezi kueleza habari za kilima kimoja cha Mbozi au bonde moja la Momba. Imepangwa ili serikali ijue hali ya nchi. Haikupangwa ili mwenyekiti wa kijiji ajue hali ya msitu wake.

Wengine husema setilaiti itatuonea kila kitu. Setilaiti huona pori lililofyekwa likawa shamba. Lakini mkata mninga hafyeki pori. Huchagua mti mmoja leo, mmoja kesho, na majani ya miyombo hufunika pengo. Kutoka juu msitu ni kijani vilevile. Chini mininga imekwisha. Jambo hilo laonekana na mtu aliyesimama juu ya kisiki.

Basi tufanyeje? Nilisomea ualimu, niruhusuni niseme kwa ubao na chaki. Chukua kamba ya mita 15. Mtu mmoja ashike ncha katikati, mwingine azunguke. Hicho ni kiwanja cha mita za mraba 707. Pima kila mti mkubwa kwa futi ya fundi cherehani, kifuani, mita 1.3 kutoka chini. Andika jina la mti kwa lugha ya nyumbani na unene wake. Hesabu visiki vibichi na tanuri za mkaa. Zidisha idadi ya miti kwa 14, utapata kadiri ya miti katika hekta moja. Viwanja visichaguliwe kwa kupendezwa, bali vipangwe kwa mstari na umbali sawa. Weka jiwe la alama, urudi mwakani palepale. Na hesabu hiyo isifungiwe kabatini. Ibandikwe mbele ya ofisi ya kijiji, kila mtu aisome.

Ati kupima ni kazi ya wataalamu? Huko Kitulangalo, Morogoro, katika miaka ya 2000, wanakijiji walifundishwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, wakapima msitu wenyewe. Hesabu zao zilikaribiana sana na za wataalamu, na gharama ilikuwa ndogo. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyopima misitu yao na kuiwekea mpango vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, vikauza magogo kwa bei yao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutunza na kupata mapato yake. Lakini huwezi kupanga kukata miti mingapi kama hujui unayo mingapi. Bwana Misitu na aje, atufundishe, asahihishe makosa. Daftari libaki kijijini.

Sisemi daftari litamlisha mchoma mkaa. Yeye naye ni mwenzetu, ana watoto, na mtu hachomi mkaa kwa kupenda moshi. Lakini bila hesabu tutaendelea kumkamata yeye mwenye gunia moja, huku lori lenye magunia 200 likipita kwa karatasi ambayo hakuna awezaye kuikanusha. Hesabu ndiyo itakayotuonyesha nani anamaliza msitu. Na iwapo mmoja wa hao ni kiongozi, au mwanachama mwenzetu, jina lake lisomwe kama la mwingine yeyote. Tukiogopa hilo, tusiguse kamba.

Ndugu zangu wa matawi, nawaomba jambo moja. Katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya mengineyo, mtu mmoja ainuke aulize: msitu wetu una miti mingapi? Kama hakuna anayejua, chagueni vijana wanne, mwanamke asikosekane, kwa maana yeye ndiye anayeijua njia ya kuni. Wapeni kamba, futi na daftari la shilingi chache.

Tumeweza kulinda kilo mbili za mahindi. Hatutashindwa kulinda msitu.