Mtera: Kina tunakijua, tope je?



Hapa Ilomba umeme ukikatika, mtu lazima aulize: "Mtera kuna maji?" Mgawo wa 2006 ulitukaririsha mita 690 juu ya usawa wa bahari, kina cha chini cha kuzalisha umeme. Bwawa likijaa ni 698.5.

Namba hizo zinaonyesha uso wa maji ulipo. Chini kuna nini? Mito yetu ya Chimala na Mbarali inaingia Ruaha Mkuu na udongo wake. Ihefu inazuia sehemu, lakini Ruaha Mdogo wa Iringa haupiti Ihefu. Maji yakituama bwawani, mchanga unatua mapema, tope laini linasonga mbele. Ukingoni nako mawimbi yanamega udongo kila kina kinapopanda na kushuka. Debe lenye mchanga hujaa haraka, ila ukichota, maji ni kidogo.

Kwa hiyo nawapigia debe wanajiolojia. Wazunguke ukingo, wachore panapomegwa na panapojaa, warudi baada ya miaka michache walinganishe. Setilaiti itasaidia, lakini aina ya udongo inataka mtu na buti zake.

Mtaniambia tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, Mtera yenye 80 ya nini? Jamani, Mtera ndiyo ghala la maji la Kidatu, megawati 204! Tukitangaziwa kina, tutangaziwe na tope.

Au nakosea? Tusemezane.