Mtoto dizaina na haraka ya cheo

Mtoto akisema amepata kazi benki, mzazi hana swali la pili. Akisema amepata kazi ya dizaini, maswali huanza: ni ofisi gani, unachora nini hasa, mshahara unaingia kila mwezi? Mwaka ukiisha linafuata jingine: “Sasa cheo chako ni nini?”

Swali hilo huulizwa kwa nia njema. Mzazi aliyekulia kwenye utumishi wa umma anajua ngazi: afisa daraja la pili, daraja la kwanza, mwandamizi, mkuu. Anamwona mwanawe wa miaka 24 bado anaitwa mbunifu msaidizi, huku mtoto wa jirani ameandika “Mkuu wa Ubunifu” kwenye ukurasa wake wa LinkedIn, na roho inamuuma. Shinikizo huanzia hapo, mara nyingi kwa utani tu wakati wa chakula.

Tabu ni kwamba katika fani hii cheo kinaweza kuja mapema mno, na kikaleta hasara. Duka la vipodozi au shule binafsi inataka mtu wa kutengeneza mabango, kupiga picha, kuhariri video, kuweka matangazo Instagram na, printa ikigoma, kuitazama pia. Haina fedha za kuwalipa watu wanne, ila neno “Mkuu” haliigharimu kitu. Kijana anakuwa mkuu wa idara yenye mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe. Juu yake hakuna mbunifu, pembeni hakuna. Bosi akisema “imependeza”, kazi imepita. Akisema “ongeza rangi”, rangi inaongezwa. Miaka mitatu baadaye ana cheo kikubwa na mkono uleule alioingia nao. Akienda kuomba kazi kwenye kampuni ya matangazo anaulizwa kwa nini alichagua herufi zile na kwa nini bei aliiweka kule chini, na hana jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kinachomkuza mbunifu mchanga ni mtu wa kumsahihisha. Ndiyo maana mzazi asione aibu mtoto mwenye shahada akianzia kwenye duka la uchapaji Kariakoo, anapanga kadi za harusi na fulana za kampeni. Pale atajifunza haraka kwamba rangi inayong’aa kwenye simu haitoki vile kwenye karatasi, maana kioo cha simu huchanganya mwanga, na mashine huchanganya wino. Atajua kwamba picha iliyopitia WhatsApp ikikuzwa kuwa bango inaharibika, na kwamba kazi ya kukatwa huachiwa milimita tatu hivi za ziada kila upande, la sivyo mstari mweupe unabaki ukingoni. Zaidi ya yote, atajua kwamba kadi 500 zikitoka na tarehe ya harusi iliyokosewa, kuna mtu atalipia karatasi zile. Hofu hiyo humfundisha kusoma kazi mara ya pili na ya tatu.

Wapo wanaoelekea upande mwingine, wa kupanga kurasa za programu za simu na tovuti, kazi zinazopatikana kwenye mabenki, kampuni za simu na kampuni changa za teknolojia. Huko nako swali ni lilelile: kuna mbunifu aliyemtangulia? Mzazi anayetaka kusaidia kwa kununua kompyuta aulize kwanza ni kazi ya aina gani. Figma, inayotumiwa sana kwa kurasa za programu, hufunguka kwenye kivinjari cha intaneti, na kompyuta iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. Video ndiyo inayodai mashine nzito. Wapo wazazi walionunua mashine ya kung’aa wakasahau bando.

Sasa, lini kijana aanze kutafuta nafasi ya mwandamizi? Matangazo mengi ya kazi hutaja miaka, mara nyingi mitano. Miaka peke yake haisemi mengi, maana kuna aliyetengeneza bango la punguzo la bei kwa miaka mitano, kila mwezi lilelile. Kazi ya mwandamizi ni nyingine. Mwaka 1998, kampuni za Citicorp na Travelers za Marekani zilipoungana, mbunifu Paula Scher alichora wazo la nembo ya Citi kwenye kitambaa cha karatasi akiwa kikaoni na wateja: herufi t yenye upinde mwekundu juu yake, inayokumbusha mwavuli wa Travelers. Mchoro ulichukua muda mfupi sana. Lakini mwenye mkono ule alikuwa akifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1970, alipokuwa akitengeneza majalada ya santuri, na baada ya mchoro vilibaki vikao vingi vya kuwashawishi wenye benki. Kuketi na wenye fedha, kusikia wanachotaka kabla wao wenyewe hawajakijua, kisha kutetea wazo bila kugombana nao, ndiko kunakolipwa mshahara wa mwandamizi.

Kwa hiyo badala ya kuuliza cheo, mzazi anaweza kuuliza mambo ambayo kijana atayajibu kwa raha. Kazi gani umeibeba mwenyewe, tangu mteja alipoingia mlangoni hadi ilipotoka? Siku hizi bosi anakupa maelekezo ya kila kitu, au anakupa tatizo na kuondoka? Wenzako wakikwama wanakuja kwako? Kijana anayejibu hivyo kwa mifano miwili mitatu tayari anafanya kazi ya mwandamizi kwa mshahara wa msaidizi, na huyo anachelewa kuomba. Hapo neno “vumilia, mwanangu” linamuumiza, hasa binti aliyelelewa kutodai, ambaye hubaki anawafundisha vijana wapya ambao baadaye wanakuwa mabosi wake.

Anapoomba, aende na kazi mkononi: hali ilikuwaje kabla, alifanya nini, nini kilibadilika. Aulize wazi anapungukiwa nini na lini litazungumzwa tena. Akizungushwa mara mbili bila kuambiwa cha kurekebisha, aanze kutazama nje akiwa bado kazini. Na kabla ya kukubali cheo huko nje, ahakikishe kama ni cha kuchora au cha kusimamia watu. Wapo wabunifu hodari walioingia kwenye uongozi wakajikuta wanashinda kwenye vikao na ratiba za likizo, hawajagusa kazi waliyoipenda. Kijana akisema anataka kubaki na kalamu yake, mzazi asidhani amekosa hamu ya maendeleo.

Lipo jambo jingine ambalo nyumba nyingi hazilisemi, nalo ndilo linalowasukuma vijana wengi kukimbilia cheo kabla ya wakati. Ni ada ya mdogo wake. Mtoto wa kwanza akianza kazi, hesabu za nyumbani hubadilika siku hiyohiyo, lakini hakuna anayekaa naye kumwambia kiasi. Anasikia tu “shule zinafungua Jumatatu”. Kati ya ofisi yenye wabunifu watano wa kumfundisha na ofisi atakayokuwa mkuu peke yake kwa laki mbili zaidi, anachagua laki mbili. Shangazi anayetaka kadi ya kitchen party bure, na anaitaka leo, naye anapunguza usiku ambao kijana angefanya kazi ya kulipwa.

Familia inayoweza, ikae na kijana itaje kiasi: mwaka huu utachangia hiki, kingine baba na mama watakitafuta, mwakani tutazungumza tena. Hata kikiwa kidogo, kikijulikana kijana anaweza kupanga. Anaweza kubaki mwaka mmoja zaidi mbele ya bosi mkali anayemrudishia kazi mara nne, na usiku akapokea nembo mbili tatu za wafanyabiashara wadogo, akichukua nusu ya malipo kabla ya kuanza. Na shangazi aambiwe bei, apunguziwe kidogo kama ndugu.