Asembla yangu ilifaulu majaribio yote, na bado ilikuwa inadanganya

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Nilikuwa hapa nyumbani Mraru natengeneza asembla yangu ndogo ya x86-64, na nusura niitupe.

Programu yangu ilianguka kwenye mstari wa 30. Dibaga ikasema ni wa 15. Nikakesha siku mbili nikiukagua mstari wa 15 wa watu, hauna kosa lolote!

Kwa wageni: asembla ikigeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, huandika pia jedwali liitwalo .debug_line, kwa muundo wa DWARF, kuonyesha kila anwani imetoka mstari upi. Ili kubana nafasi, baiti moja hubeba mambo mawili: songa anwani kiasi hiki, songa mstari kiasi hiki. Nilifuata vipimo vya GNU as, ambavyo huruhusu mstari kurudi nyuma 5 au kwenda mbele 8. Ukizidi hapo, lazima uongeze agizo jingine la kusogeza mstari.

Mimi sikuongeza. Baada ya mstari wa 20 niliandika maelezo ya mistari 8, hivyo agizo lililofuata likawa mstari wa 29, hatua 9. Hesabu ikafurika: 9 ikasomwa kama -5, na anwani ikapewa baiti moja ya bure. Kwa hiyo 29 ikawa 15, na kwa vile anwani zimesogea, agizo la mstari wa 30 nalo likaangukia humo humo.

Majaribio yangu je? Yalitazama tu kama .debug_line ipo, tena kwa programu za mistari sita zisizo na maelezo. Ni kama kuuliza iwapo makanga yumo kwenye matatu ya Voi, bila kujali anakushusha steji gani.

Wengine hunakili jedwali lote ghafi na kulilinganisha. Sikubali. Asembla mbili zinaweza kuandika baiti tofauti zenye maana ile ile, na DWARF 5 ya mwaka 2017 huhesabu faili kuanzia 0, wakati matoleo ya awali yalianzia 1. Linganisha kilichofasiriwa: anwani, faili, mstari. objdump --dwarf=decodedline inatosha.

Sasa nina majaribio manne mapya: hatua ya 8, ya 9, na kwa kutumia .loc, ya -5 na -6. La -6 bado linafeli.